Gramu Arobaini Tumboni mwa Samaki wa Kitisuru

Shilingi mia moja na hamsini. Nimehesabu mara mbili, na mara ya tatu nikamwomba mtu mwingine ahesabu, na jibu ni lile lile: aibu yangu yote, hii inayozunguka kwenye simu za watu mpaka leo, niliinunua kwa mia moja na hamsini, na muuzaji alikuwa ameanza na mia tatu, maana yake hata aibu niliomba nipunguziwe, na nikapunguziwa.

Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, kwa sababu wengine wanaongeza chumvi. Kuna mtu Gikomba anasema samaki alikuwa na betri ya gari tumboni. Hapana. Zilikuwa gramu arobaini, wala si gramu moja zaidi, na mimi kwa mambo ya gramu sidanganyi (mtaona jinsi sentensi hii ilivyonigeuka).

Mimi ndiye ninayeshika mizani kwenye hadiwea moja ya River Road. Misumari, waya wa kufungia nondo, skrubu za mabati, chochote kinachouzwa kwa kilo kinapita mkononi mwangu, na kwa miaka tisa hakuna fundi aliyerudi kusema nimemwibia hata msumari mmoja wa nchi mbili. Mafundi wananiita Barasa wa Kilo. Jina hilo nililipenda, acheni niseme ukweli, nililipenda kuliko lile la ubatizo.

Sasa bosi wetu, Bwana Kirit, alikuwa anafungua duka la pili kule Hurlingham, kwenye Argwings Kodhek Road, mahali ambapo watu hununua bawaba ya mlango bila kuuliza bei (Mungu awasaidie). Duka lilihitaji meneja. Tuliokuwa tunatazamwa ni wawili: mimi, na Mutua wa stoo, mtu ambaye pia huendesha pikapu ya duka na hucheka kabla hujamaliza kusema. Bosi hakuwa ametamka jina la mtu. Kila nikipita karibu na meza yake alikuwa anasema tu, "Tutaona, Barasa. Tutaona baada ya Jumapili."

Jumapili hiyo ndiyo hii ya mkasa.

Kila mwaka, wenye maduka wanaojuana na Bwana Kirit hukutana Kitisuru, nyumbani kwa mjane mmoja anayeitwa Mama Surinder, ambaye nyuma ya nyumba yake kuna bwawa, na ndani ya bwawa kuna samaki wanaoitwa bass, wa kijani-kijani, mdomo mpana kama mfuko wa koti. Kila duka huleta timu ya watu wawili, mwenye duka na mfanyakazi mmoja. Mnavua mpaka saa sita mchana, samaki wenu mkubwa kabisa anapimwa, anapigwa picha, halafu anarudishwa majini akiwa hai. Ndiyo, anarudishwa. Mtu mzima anaamka alfajiri siku ya mapumziko, analoa mpaka magotini, anapigana na samaki, anamshinda, kisha anamwachilia kama mtu aliyempigia simu kwa makosa. Mimi nilipoelezwa nilidhani wananitania.

Bosi aliniita siku ya Alhamisi.

"Barasa, wewe ni mtu wa ziwa, si ndio?"

Mimi natoka Bungoma. Kwetu kuna miwa, mahindi na kuku. Samaki nilimfahamu akiwa tayari amekaangwa. Lakini hapa Nairobi ukishatoka upande wa ng'ambo ya Nakuru wewe ni mtu wa ziwa tu, hakuna anayeangalia ramani, na mimi nikaangalia Hurlingham badala ya ramani.

"Ndio, bosi," nikasema.

"Basi mwaka huu unakuja na mimi. Fimbo za kuvulia ninazo. Vizito vyangu ninavyo. Vyako ndivyo havipo. Na sikiza, kwa Mama Surinder vizito vya risasi haviruhusiwi kabisa, bata wake wanaviokota chini, wanameza, wanakufa. Nenda duka zuri ununue tungsteni." Akanipa elfu mbili ndani ya bahasha. "Nunua vizuri. Chenji urudishe."

Vizito, kwa wasiojua (na mimi sikujua, nilijifunza Alhamisi hiyo hiyo), ni vile vichuma vidogo vinavyofungwa kwenye uzi karibu na ndoano ili chambo kizame, watu wa Pwani huviita chubwi. Nikaenda kwenye duka la vifaa vya uvuvi hapo katikati ya mji, ndani ya jengo lenye kiyoyozi, na mlango wa kioo ulipofunguka wenyewe nikajua tayari kwamba bei itakuwa ya kipumbavu. Milango inayojifungua yenyewe inalipwa na nani? Na mimi.

Dada wa kaunta akaniwekea kitu kwenye kitambaa cheusi, kama pete ya ndoa.

"Hii ni ngapi?"

"Mia tatu themanini."

"Pakiti?"

"Hapana, mzee. Moja."

"Moja nini?"

"Moja," akasema, akainua kidole kimoja ili nisipotee.

Nikaishika. Ilikuwa saizi ya maharagwe, tena yale madogo. Nikamuuliza inafanya nini. Akanieleza kwa upole, kwamba tungsteni ni nzito na bado ni ndogo, kwa hivyo samaki hashtuki, na kwamba inapogusa chini unasikia mawe kwa mkono wako.

"Dada, mawe ya chini ya bwawa la watu, nikiyasikia nitayafanyia nini?"

"Ndio ujue samaki amejificha wapi."

"Na uzi ukikatika, hii ikabaki huko?"

"Unanunua ingine."

"Kumbe ni sadaka."

Hakucheka. Akanionyesha za shaba, mia moja na ishirini kila moja. Za chuma, ambazo ni rahisi kuliko zote, akasema zimeisha (za bei nafuu huwa zimeisha, mkitaka kujua duka ni la nani angalieni kilichoisha). Nikamshukuru nikatoka, na bahasha yangu ikiwa kamili.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na naomba mlitazame vizuri kwa sababu lilizaliwa likiwa na akili timamu. Nilijiuliza: kizito kinauza nini? Uzito. Na uzito ni kitu ninachokijua kuliko mtu yeyote katika mji huu. Gramu kumi za dhahabu na gramu kumi za matope, ukiziweka kwenye mizani yangu, mshale unasimama mahali pamoja. Kwa hivyo mtu anayelipa mia tatu themanini kwa gramu kumi ananunua nini? Ananunua kitambaa cheusi. Na nikajiambia, Bwana Kirit anatafuta meneja, na meneja wa hadiwea ni mtu anayejua kununua, basi nitamnunulia kwa bei ambayo atakaporudishiwa chenji atakaa chini.

Nikashuka mpaka Kirinyaga Road kwa Njoro, fundi wa tairi, jamaa ninayemuuzia misumari.

"Niaje, Barasa wa Kilo!"

"Poa. Njoro, hivi vichuma mnavyobandika kwa rimu ndio tairi isitetemeke, ni risasi?"

"Zile za kugonga na nyundo ndio risasi. Hizi za gundi ni chuma tupu. Ni gari gani?"

"Si gari."

"Ni nini, wilibaro?"

"Ni ya samaki."

Njoro akaweka spana chini polepole. "Samaki wako ana tairi ngapi?"

Nikamwacha acheke. Vile vichuma vinakuja kama ukanda, vipande sita vimeshikana, kila kimoja kimeandikwa 10, yaani gramu kumi, na nyuma kuna gundi. Nikavijaribu kwa sumaku, vikanata: chuma halali, si risasi. Kanda tatu, mia tatu, nikasema mia, akasema mia mbili hamsini, nikaanza kuondoka, tukamalizana kwa mia moja na hamsini. Vipande kumi na vinane. Nikarudi dukani nikavipima kimoja kimoja kwenye mizani yangu, na kila kimoja kilikuwa gramu kumi kamili. Nilitabasamu peke yangu kama bwana harusi.

Jumapili asubuhi Mutua alituendesha Kitisuru kwa pikapu. Ua mrefu, geti, askari anayekuuliza jina ilhali anakujua, kisha nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele zangu, na bwawa lenyewe, na bata bukini wanaotembea kama wenye hisa. Kulikuwa na chai, sambusa, na meza ndefu ambapo kila timu ilifungua visanduku vyake, na jamani, watu wazima walikuwa wanaonyeshana vizito. "Hii nimetoa Dubai." "Hii rangi yake inafanana na maji." Wauza vigae, wauza rangi, watu ambao ukiwaomba punguzo la shilingi ishirini wanashika kifua, wamelipa maelfu kwa vitu ambavyo kazi yake ni kuzama.

Bwana Kirit, akiwa na furaha yake, akasema kwa sauti ili meza nzima isikie, "Yangu ni ya zamani tu. Lakini Barasa alienda duka la maana. Tungsteni mpya. Sivyo, Barasa?"

Hapa ndipo ningesema hapana. Ningesema, bosi, nimepata chuma cha bei nzuri, chenji yako hii hapa. Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wangu wa kifua, ilikuwa inanigusa moyo kabisa. Lakini niliangalia vile visanduku vya Dubai, nikaangalia watu, na mimi, mtu anayebishana juu ya shilingi tano mbele ya foleni bila haya, nikaona haya.

"Ndio, bosi," nikasema.

"Hebu tuone," akasema Mama Surinder. Huyu mama alizaliwa Kisumu, alifundisha hesabu shule ya upili miaka mingi, na Kijaluo chake kinaogopesha.

"Vishafungwa kwa uzi, mama," nikasema, nikageuza fimbo upande mwingine. Bahati yangu (au balaa, sijui) bata wawili wakaanza kupigana, naye mama akakimbilia huko.

Nilikuwa nimekata vipande vinne, gramu arobaini. Baadaye nimeambiwa kwamba gramu kumi zingetosha na kubaki, lakini nani aliniuliza? Nilivikunja kuuzunguka uzi, gundi ikashika, vikakaa karibu kabisa na ndoano, na chambo, mdudu wa mpira, nikamvuta juu avifiche. Nilipotupa mara ya kwanza maji yaliruka kana kwamba mtu ametupa tofali. Bata wote waliondoka upande wetu.

"Umetupa nini, buda, mlango?" Mutua akaniuliza kutoka kwenye kivuli, ambako alikuwa amekaa na sambusa nne (nilizihesabu).

Nilitupa, nikavuta, nikatupa, nikavuta, nikiangalia wenzangu wanavyofanya na kufanya hivyo hivyo, na ilipofika saa tano na nusu timu ya duka la vigae, bosi mmoja na keshia wake anayeitwa Rehema, tayari walikuwa na samaki wa karibu kilo moja na nusu, kwa jicho langu, kwenye ndoo. Sisi tulikuwa na samaki mmoja wa Bwana Kirit, mwembamba, kama aliyekuja kuomba kazi.

Kisha uzi wangu ukaenda. Sikujua la kufanya, nikafanya kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani, na Bwana Kirit akiruka-ruka na wavu, "Polepole! Polepole, Barasa!", na tukamtoa, na alikuwa mkubwa. Mkubwa kabisa. Bosi alinikumbatia na maji yake yote.

Nikamwangalia samaki mdomoni. Hakukuwa na ndoano. Hakukuwa na mdudu wa mpira. Hakukuwa na vichuma. Kulikuwa na uzi tu unaoingia kooni na kupotea. Alikuwa amemeza duka zima.

Sasa fikirieni na mimi. Nikivuta, vinatoka vichuma vya tairi mbele ya bosi ambaye ametangaza tungsteni. Nisipovuta, samaki atapimwa, atapigwa picha, atarudishwa majini, na ushahidi wangu utaondoka naye, ukiogelea. Sijawahi kuona siri inayojificha yenyewe namna hiyo. Nikatoa kisu nikakata uzi pale pale kwenye midomo.

"Mbona umekata?" bosi akauliza.

"Amemeza sana, bosi. Kwetu ziwani tunakata."

Kwetu ziwani! Bungoma! Na bosi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyepewa siri ya mababu.

Saa sita kamili ndoo zikapelekwa kwa Mama Surinder. Mizani yake ilikuwa ya kidijitali, imening'inia kwenye chuma chenye miguu mitatu, na nikaikagua kwa jicho la kikazi nikaona ni nzuri. Timu zikapimwa. Wa Rehema: elfu moja mia nne na thelathini. Wetu: elfu moja mia nne na sitini.

Kelele zilizopigwa! Bwana Kirit, mtu ambaye kwa miaka tisa sijamwona akiinua mkono juu ya bega, alinishika mkono akauinua, akasema mbele ya wote, "Huyu ndiye mwenye mizani wangu! Huyu ndiye anaenda Hurlingham!"

Nilikuwa meneja. Naomba niwaeleze kwamba nilikuwa meneja kwa muda wa kama dakika mbili, na ilikuwa kazi nzuri sana.

Mama Surinder hakumpeleka samaki majini. Alimlaza kwenye sinia kubwa la chuma, akavaa miwani, akachukua koleo jembamba.

"Mama, huyo si arudi tu nyumbani?" nikasema.

"Simrudishi samaki na ndoano tumboni. Naona uzi hapa."

"Muache tu, mama. Itaoza yenyewe."

"Itaoza tumboni mwako au mwake?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kicheko changu kilikuwa cha mwisho kwa siku hiyo. Aliingiza koleo kwa ustadi, akazungusha, akavuta uzi taratibu kama mtu anayetoa sindano kwenye nguo, ikatoka ndoano, akatoka mdudu wa mpira, halafu kikatoka kitu kingine kikaanguka kwenye sinia: nga!

Hata bata waligeuka kutazama.

Mama Surinder akakiinua, akakisogeza karibu na miwani, akakunjua vipande kimoja kimoja, na kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia darasani akasoma kilichoandikwa.

"Kumi. Kumi. Kumi. Na kumi."

Akamwangalia Rehema. Rehema, ambaye ni keshia na hahitaji karatasi, akasema polepole, "Elfu moja mia nne na sitini, toa arobaini, ni mia nne na ishirini. Sisi mia nne na thelathini. Kwa hivyo sisi tumeshinda kwa gramu kumi."

"Umemlisha samaki chuma?" bosi wa Rehema akafoka. "Ndio apite kwa mizani?"

"Hapana! Si hivyo! Hicho ni kizito changu, amekimeza mwenyewe!"

"Wewe si una tungsteni?" mtu akasema nyuma.

Na Mutua, aliyekuwa amesogea na sambusa mkononi na simu mkono wa pili, akachungulia sinia na akapiga yowe la furaha ambalo nina hakika lilisikika mpaka Loresho. "Wacha! Hizi ni za tairi! Jameni, hizi ni za kubalansi gari! Barasa, huyu samaki alikuwa anatetemeka akifika themanini?"

Hapo watu waliachana na hasira wakaanza kuanguka kwa kicheko. Mtu alikaa chini kwenye nyasi. Askari wa getini alikuja kuona. Mwingine akauliza kama samaki ameshafanyiwa pia alaimenti ya magurudumu, mwingine kama tairi ya akiba iko wapi, na mimi nimesimama katikati nikisema neno moja tu, "sikilizeni, sikilizeni," na hakuna aliyesikiliza, na simu ya Mutua inaniangalia usoni.

Bwana Kirit peke yake hakucheka.

"Barasa. Ulisema tungsteni."

"Nilisema, bosi."

"Na pesa?"

Nikatoa bahasha. Ilikuwa imelowa na harufu ya samaki. Nikaifungua mbele yao wote, nikahesabu elfu moja mia nane na hamsini, na kwa sababu ya mazoea mabaya nikazihesabu tena, mara ya pili, huku watu wananitazama. Niwaambie ilivyoonekana? Ilionekana kama mwizi anayehesabu mali. Mtu aliyesema amenunua vya elfu mbili, na mfukoni ana karibu zote, na samaki wake ana chuma tumboni, na kazi yake ni kushika mizani. Ningekuwa mimi ninatazama ningepiga simu polisi.

Mama Surinder ndiye aliyeuliza swali la akili. "Ngoja kwanza. Hivi ulinunua ngapi?"

"Mia moja na hamsini, mama."

"Kimoja?"

"Vyote kumi na vinane, kwa fundi wa tairi Kirinyaga Road. Ni chuma, mama, si risasi, nilipima na sumaku kwa sababu ya bata wako."

Akavua miwani. "Vipande kumi na vinane kwa mia moja na hamsini. Na mimi nalipa mia tatu themanini kwa kimoja!" Akawageukia wale wa Dubai, wakaangalia viatu. "Wewe mtu, chuma hapa ni ruhusa. Kununua rahisi ni ruhusa. Ungesema asubuhi pale mezani, ningekutuma Kirinyaga Road uniletee vya mwaka mzima. Umechukua kitu halali ukakificha mpaka kikawa wizi. Hiyo ni hesabu gani?"

Jambo linaloniuma si watu kunicheka. Ni kwamba kila siku nawadharau watu wanaolipa ili waonekane, na siku ilipofika yangu nilidanganya ili nionekane kama wao, tena bure, bila hata kupata kile kitambaa cheusi. Wao angalau walipata risiti.

Samaki alirudishwa majini. Alikaa kidogo pale pale, akapiga mkia, akaenda. Hakuna aliyempigia makofi ila mimi, moyoni, kwa wivu.

Wakati wa kurudi, Bwana Kirit akakaa mbele na Mutua, akaniambia, "Wewe kaa na vifaa," kwa hivyo nilipanda nyuma ya pikapu na fimbo na ndoo tupu, tukafuata Waiyaki Way kwenda mjini nikipigwa na upepo wote wa Jumapili. Tulipokwama kwenye taa, kidirisha cha nyuma kikafunguliwa.

"Alianza na ngapi, huyo wa tairi?" bosi akauliza bila kugeuka.

"Mia tatu."

"Ukashusha nusu."

"Ndio, bosi."

Kidirisha kikafungwa. Nikakaa na maneno hayo mawili mpaka River Road, nikiyageuza kama mtu anayekagua noti ya elfu kwenye mwanga.

Jumatatu, kabla sijavua koti, video ilikuwa imefika kwenye grupu ya kazi, na kutoka hapo imefika kila mahali penye mtandao. Fundi wa kwanza kuingia alinunua kilo mbili za misumari ya nchi tatu. Nikapima. Akaangalia mshale, akaniangalia mimi.

"Pima tena," akasema.

Miaka tisa! Hakuna aliyewahi kuniambia nipime tena.

"Ni kilo mbili kamili, fundi."

"Najua. Lakini wewe pima tena. Na kwanza inua mkono tuone chini yake hakuna kitu."

Wa pili alisema hivyo hivyo. Wa tatu alikuja na mizani yake mwenyewe, ya jikoni, ya plastiki, yenye picha ya karoti, akarudia kupima misumari yangu juu ya karoti. Ilikuwa kilo mbili. Hakuomba msamaha. Barasa wa Kilo amekufa, sasa naitwa Balansi, na hata Njoro, ambaye alikula pesa yangu, ameandika kwenye ubao wake wa Kirinyaga Road kwamba wanahudumia magari yote na samaki.

Jumatano Bwana Kirit akaniita. Hakutaja Kitisuru kabisa. Alinisogezea karatasi, barua ya kazi, iliyopigwa chapa vizuri, majina yangu yote matatu. Meneja, tawi la Hurlingham. Nilisoma mstari wa mshahara mara mbili. Kununua bidhaa zote: mimi. Kujadili bei na wauzaji: mimi. Funguo: mimi. Nikashuka mpaka chini, na chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho kabla ya pale pa kusaini, imeandikwa kwamba mizani ya tawi itashikwa na Mutua peke yake, na meneja hataigusa.

"Bosi," nikasema, "mimi sikuiba."

"Mimi najua hukuiba, Barasa. Ndio maana unaenda." Akakunja mikono. "Lakini wateja wameona video. Fikiria mpaka Ijumaa saa sita mchana."

Nimefikiria. Nimeapa kwamba kuanzia sasa kitu chochote nikikinunua kwa bei ya chini nitaitangaza bei yenyewe mlangoni, kwa sauti, kabla mtu hajauliza, hata kama ni soksi. Hilo nimelimaliza. Ambalo sijalimaliza ni barua. Nikisaini nitakuwa meneja wa duka la misumari asiyeruhusiwa kupima msumari, na kila asubuhi nitamwambia Mutua, tafadhali mzee, nipimie, na Mutua atacheka kabla sijamaliza kusema. Nisiposaini nitabaki River Road na mizani yangu, na kila kilo nitaipima mara mbili kwa amri ya mteja, na watu watasema, mnaona, amekataa kwa sababu kule angekosa mahali pa kuibia.

Mshahara ni mzuri. Jina ni baya. Leo ni Alhamisi. Mngekuwa nyinyi, mngesaini? Nijibuni kabla ya kesho saa sita, na mwenye kicheko akimalize kwanza ndipo anishauri.